Joka la Trevor na Kanuni ya Saba

Nimeandika kanuni zangu mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja Trevor Wragg amezikataa. Naapa, iko siku nitamrushia dadu zote usoni.

Wala sikutaka kuandika. Kabati langu limejaa vitabu vya kanuni za mchezo wa vita vya mezani, ule wa visanamu na dadu, kingine kinene kama tofali, na hakuna hata kimoja kinachoweza kumaliza vita vikubwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa hiyo Doreen, mtunza ukumbi wa kanisa letu hapa Long Eaton, Uingereza, huzima hita na kututimua. Kwa miaka thelathini Trevor amepaka rangi visanamu mia sita vya mazimwi, kimoja kimoja, mpaka kucha. Hajawahi kuviona vyote vikipigana vita vikaisha. Na sasa daktari wa macho amemwambia kwamba ikifika Krismasi ataona pembeni tu, katikati hamna kitu. Tuko Oktoba.

Kwa hiyo nilikuwa na haraka. Yeye, mwenye macho yake, wala!

"Kanuni ya saba mbovu," aliniambia Jumamosi asubuhi, hata koti sijavua. "Kujua kama kikosi kinamwona adui, mtu ainame, aweke jicho nyuma ya kisanamu chake, aangalie mwenyewe. Wewe umeandika eti tukubaliane."

"Huko kuinama kunatupotezea saa nzima, Trevor!"

"Acha kutupotezee. Sijawahi kuamini neno la mtu kwenye meza hii, nianze na lako? Wewe uliyesogeza wapanda farasi mwaka tisini na nne?"

"Inchi moja, jamani!"

"Moja na nusu."

Nikafuta, nikaandika alivyotaka, huku nachemka. Tukapanga mazimwi yote mia sita upande mmoja na jeshi langu upande wa pili, yeye akapanga milima na miti ya kuchezea, tukaanza. Kila hatua alibisha. Alibishia tepu ya kupimia, akabishia dadu iliyoegemea kikombe cha chai. Ilipofika saa kumi na nusu ilibaki zamu moja, na kila kitu kilitegemea joka lake, pale kilimani. Kama lingemwona mfalme wangu lingemshambulia, na ushindi ungekuwa wake.

Akavua miwani, akainama, akalaza shavu mezani. Akakaa hivyo. Doreen akaanza kupanga viti kwa kelele, makusudi.

"Malcolm," Trevor akasema bila kuinuka. "Niambie wewe."

Nikainama kando yake, nikaangalia. Miti mitatu ilisimama katikati, ikamficha mfalme wangu mpaka taji.

"Linamwona," nikasema. "Shambulia."

Akainuka polepole, uso mwekundu.

"Mwongo mkubwa wewe! Miti ile nimeipanga mwenyewe asubuhi, kwa mikono hii."

"Trevor, nilitaka tu..."

"Ulitaka nini? Miaka thelathini unanigombeza kwa upana wa ukucha, leo unanigawia ushindi bure? Kwako mimi nimeshakwisha, siyo?"

Niliona aibu, aibu hasa. Akainama tena.

"Nauliza upya. Joka langu linamwona mfalme wako?"

"Halimwoni."

"Hata ncha ya upanga?"

"Hata ncha. Miti imemziba, na wewe mjinga kuliweka pale."

"Ahaa. Sasa tunacheza."

Nikapeleka wapanda farasi wangu kilimani, nikatupa dadu, joka likaanguka. Vita vikaisha saa kumi na moja kasoro dakika tatu. Trevor alipigwa vibaya, akanitukana mpaka Doreen akamkumbusha kwamba hapa ni kanisani.

Kisha akayazunguka mazimwi yake yaliyosalia, ameinamisha kichwa upande, anayatazama kwa pembe ya jicho. Doreen alikuwa ameshika funguo, lakini hakumharakisha.

"Kanuni ya saba," Trevor akasema. "Irekebishe."

Nikaandika: asiyeona amwulize adui yake, na adui aseme kweli. Nikamsogezea karatasi. Hakuichukua.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea. Hiyo hakuikataa.