Swali la Kumi na Saba

Swali la kumi na saba Mkunga aliliweka makusudi katikati ya dodoso, baada ya maswali ya maji na choo, ili mama awe ameshazoea kujibu. Alilisoma bila kuinua macho.

“Mtoto alipozaliwa, alilia?”

Msusi alikuwa amemtoa mteja wake nje, nusu ya kichwa imesukwa na nusu nywele zimesimama. Chumba kilikuwa kimoja tu na kilinuka mafuta ya nywele.

“Sista, unaniuliza mimi? Si ulikuwepo?”

Alikuwepo. Ndiye aliyempokea huyo mtoto.

“Fomu inataka mama ajibu mwenyewe.”

“Basi iambie fomu yako alilia. Mara mbili. Mkampeleka kwenye ile meza ya pembeni, mkarudi kuniambia nimezaa mfu. Mpaka leo mama mkwe ananiita mzaa maiti. Mtoto hana jina, hana kaburi, maana mfu hospitali inamalizana naye yenyewe.” Alivuta pumzi. “Andika alilia. Nikiulizwa, niwe na pa kuonyesha.”

“Nitaandika,” alisema Mkunga, na aliposema hivyo alikuwa anamaanisha.

Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii ya kimataifa, katika chuo cha ng’ambo, kwa kompyuta, akitoka zamu miguu imevimba. Wodini walimbatiza Profesa. “Profesa, hebu tuambie, shahada yako inasemaje juu ya bomba lisilotoa maji?” Alicheka nao. Lakini masomo yalimwingia. Yalimfundisha kuhesabu watu wasiohesabiwa na mtu, naye akachukua rejesta ya wodi ya wazazi, akatafuta akina mama wa watoto thelathini na wanane walioandikwa “mfu” katika mwaka mmoja, akawafuata nyumba kwa nyumba. Ishirini na sita walimwambia mtoto alilia.

Wodini hakuna aliyehitaji utafiti kulijua hilo. Mpira wa kupumulishia watoto wachanga ulikuwa umepasuka, na barua nne za kuomba mwingine zilikuwa zimekwenda na hazikurudi. Mtoto aliyezaliwa hai akafariki anataka kikao, fomu ya kurasa sita, na mtu wa kubebeshwa lawama, ambaye hajawahi kuwa yule asiyenunua mpira. Mfu anataka mstari mmoja. Kwa hiyo kila mkunga mgeni alifundishwa kuandika “mfu” wiki ileile aliyofundishwa kukata kitovu vizuri. Haya yote aliyaweka katika sura ya nne.

Ilibaki barua ya Mganga Mkuu ya kuruhusu takwimu za hospitali zitumike. Bila barua hiyo chuo kisingeipokea tasnifu yake.

Mganga Mkuu alimmiminia chai, akamwita mwanangu. Alikuwa mpole, na watu waliuogopa upole wake kuliko kelele za wengine.

“Kazi safi, mwanangu. Ila hii sura ya nne, umeitoa wapi?”

“Kwa akina mama, mzee.”

“Mama mwenye uchungu anasikia mengi.”

“Wote ishirini na sita, mzee? Wasikie kitu kimoja?”

Hakukasirika. Alivuta rejesta, akaifungua palipochomekwa kipande cha karatasi, akaigeuza imwelekee Mkunga. “Nisaidie, macho yangu yamechoka siku hizi. Mwandiko huu wa nani?”

“Wangu.”

“Na huu hapa?”

“Wangu, mzee.”

“Tisa kati ya hao wako ishirini na sita wameandikwa kwa mwandiko wako. Wafadhili wakiisoma hii, wataniuliza nani kaandika uongo kwenye rejesta. Niwaambie nini? Mpira? Mpira hauandiki.”

“Tuliomba mara nne. Nakala ninazo.”

“Unazo wewe. Mimi hapa sina.” Alimsogezea sukari. “Una watoto wawili na mama mgonjwa. Usije ukamwaga unga kwa ajili ya sura moja. Itoe, njoo kesho, nitasaini hata nikiwa nimesimama.”

Alitamani kumrushia ile chai usoni. Aliinywa yote, akarudisha kikombe kwenye kisahani chake.

Usiku wa kwao huko ng’ambo ulikuwa mchana huku, na msimamizi wake wa chuo alitokea kwenye kioo cha kompyuta akipiga miayo. Alimpa pole, akasema inasikitisha sana. Lakini bila barua wangefanyaje? Na chuo bado kilikuwa na mradi wa miaka mitatu na wizara hiyohiyo. Alishauri sentensi moja mwishoni, kwamba ubora wa kumbukumbu unaweza kutofautiana.

Mkunga aliiandika sentensi hiyo. Sura ya nne akaifuta, kisha akaenda jikoni akalia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe.

Alifaulu vizuri. Wakamtoa zamu za wodini, wakampa ofisi yenye feni na cheo cha mratibu wa takwimu za uzazi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wakunga wapya kujaza rejesta. Watatu walikuwa wanangoja nje ya mlango, kalamu mkononi, msusi alipopita katikati yao na kuingia.

“Nimesikia kitabu kimetoka. Hongera, Sista.”

“Asante, mama.”

“Na mimi nimo?”

“Umo. Bila jina, kama tulivyokubaliana.”

“Jina si kitu. Alilia, umeandika?”

Mlango ulikuwa wazi. Wale watatu walikuwa wakisikiliza.

“Nimeandika.”

“Lugha yenyewe siijui. Nionyeshe tu palipo. Kesho namleta mama mkwe, umsomee kwa mdomo wako.”

Mkunga alichukua tasnifu, akapitisha kurasa za majedwali haraka, akarudi mwanzoni penye maneno machache. Akaweka kidole. Msusi alijifuta mafuta ya nywele kwenye sketi, akaweka chake pembeni, akakisogeza taratibu juu ya mstari mpaka mwisho wake. Ulikuwa ukurasa wa shukrani, na mstari huo ulimshukuru Mganga Mkuu kwa ushirikiano wake usio na kifani.

“Hapa?”

“Hapo.”

Msusi alikunja kona ya ukurasa, ili kesho wasihangaike kupatafuta.