Taa ya Kijani ya Elisha

"Nipe hiyo simu, shemeji."

Marietha hakuigusa. Ilikuwa mkekani, kati ya koti la marehemu mumewe, shoka lake la kuchongea mizinga na kofia ya wavu aliyoivaa wakati wa kurina asali. Matanga yalikuwa yamekwisha asubuhi hiyo, na ndugu walikuwa wakigawana vitu vya Elisha uani, kimya kimya, bila ugomvi. Ilipofika zamu ya simu, amani ikaisha.

Philipo, kaka mkubwa wa marehemu, aliinama akaichukua mwenyewe.

"Ndugu yangu yuko kaburini, lakini Facebook inasema kila asubuhi yuko hewani. Itigi nzima inaniuliza. Nani anachati kwa jina la marehemu? Leo naifuta."

"Sichati na mtu, shemeji. Nafungua soko."

"Soko gani hilo liko ndani ya Facebook ya mumeo?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kuchuja asali Marietha aliweza hata akiwa amefumba macho. Kuwaeleza wakwe mambo ya mtandao ni shughuli nyingine. Elisha ndiye aliyewasajili kwenye soko la asali la mtandaoni. Soko lilitaka barua pepe, neno la siri na maswali kibao, lakini chini kabisa kulikuwa na kitufe cha bluu: Ingia kwa Facebook. Elisha hakuwa mtu wa kupenda usumbufu. Akabonyeza hicho hicho, akaenda zake porini kwenye mizinga. Tangu siku hiyo, Marietha hakuweza kufika dukani kwao bila kupitia jina la mumewe.

"Ukiifuta Facebook, na duka limekwenda," alisema. "Wateja wetu wote wako humo. Asali ya msimu huu ipo kwenye ndoo, mnunuzi wa Dodoma anasubiri. Watoto wa ndugu yako nitawalisha nini?"

"Fungua duka lako, kwa jina lako."

"Jina langu nani analijua?"

Philipo alirudi kwenye simu. Kidole chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwenye kioo, na Marietha alijua kimefika wapi kabla hajaambiwa.

"Inataka neno la siri ndipo ifutike. Nitajie."

Ua mzima ulimgeukia. Mjane anayemkatalia shemeji yake mbele ya ukoo hana hakika ya pa kulala, na Marietha aliogopa. Hata hivyo alitikisa kichwa.

"Nitajie, nimesema!"

"Sitaji."

"Philipo." Sauti ilitoka kwenye kigoda cha pembeni. Bibi Scholastika, mama wa Philipo na Elisha, alikuwa akifungua fundo la kanga yake. Alitoa simu ndogo ya kupangusa, kioo chake kimepasuka kona moja. "Hii alininunulia nani?"

"Elisha, mama."

"Mimi kusoma sijui. Alinionyesha picha yake tu, na hii taa ya kijani pembeni yake. Akaniambia, mama, ukiona inawaka, ujue nimeamka salama."

"Mama, lakini siyo yeye."

"Mimi nimerukwa na akili? Nilimzika nikiwa nimesimama karibu na wewe." Aliifuta simu kwa upindo wa kanga. "Najua ni mkewe. Lakini ikiwaka, na mimi nanyanyuka kitandani. Siku isiyowaka sioni sababu."

Philipo alisimama na ile simu mkononi, asijue atazame wapi.

"Na watu wakiniuliza?"

"Waje waniulize mimi."

Philipo aliirudisha simu mkekani, juu ya koti.

Kesho yake alfajiri, Marietha alikuta ujumbe mfupi kutoka kwa watu wa soko. Alikuwa amewaandikia tangu siku za mwanzo za msiba, akiomba duka liandikwe kwa jina lake, na sasa walikuwa wamejibu: tutumie namba yako, tutalihamishia duka kwako na wateja wako wote, hutahitaji tena kuingia kwa Facebook.

Aliusoma mara mbili. Jana angelia kwa furaha.

Alitazama dirishani. Ng'ambo ya ua, mlango wa mama mkwe ulikuwa bado umefungwa, na hata kikohozi hakikusikika. Marietha aliuacha ule ujumbe bila kuujibu, akabonyeza kitufe cha bluu, akasubiri.

Komeo la mama mkwe likasogea.