Mtani wa Uongo

Tangu aolewe, Tereza alikuwa amemdanganya mumewe mara moja tu, na uongo wenyewe aliuchagua vizuri. Alimwambia kwamba daktari anayekuja Mpanda kwa treni kutoka Tabora ni Mzaramo.

"Mzaramo anaitwa Severini?" Nkwabi aliuliza.

"Kabatizwa, Baba Mabula. Kwani Wazaramo hawabatizwi?"

Nkwabi akacheka, na Tereza nusura alie, maana mtu huyo hakuwa amecheka tangu arudi kutoka vita vya Kagera. Alirudi na vipande vya bomu kwenye bega la kulia, pamoja na hasira ambayo hakuondoka nayo nyumbani. Bega lenyewe alisema limekufa ganzi, halisikii kitu. Lakini kila asubuhi Tereza alipomvalisha shati, alinguruma mpaka kuku wakatawanyika uani. Ukimwuliza kulikoni, alikwambia fanya haraka, mwanamke we.

Mara ya kwanza alipokwenda kupimwa ili apate malipo ya ulemavu, daktari wa siku ile alimwuliza kama kweli alifika vitani. Nkwabi akapindua meza, chupa za dawa na vyote vilivyokuwa juu yake. Wakamtoa nje kama mwizi wa kuku. Sasa alikuwa amepewa nafasi ya mwisho. Akiiharibu na hii, basi tena; bega lile halikuweza jembe, na shamba la Magamba halijilimi lenyewe.

Ndiyo maana Tereza akamtafutia Mzaramo. Msukuma na Mzaramo ni watani. Akikutukana unamtukana, mnacheka, na anayekasirika ndiye mshamba. Mila hiyo Nkwabi aliishika kuliko katekisimu. Kule vitani alikaa handaki moja na Mzaramo aitwaye Pazi, aliyemsimanga asubuhi na jioni kwa michembe yake, vile viazi vikavu vya Kisukuma, naye Nkwabi akimrudishia kwa uvivu na ngoma zao. Bomu lililomwachia Nkwabi vipande lilimchukua Pazi moja kwa moja.

Siku ilipofika, muuguzi aliikumbuka ile meza, akamruhusu Tereza aingie na mumewe. Daktari alikuwa ananawa mikono, kawapa mgongo. Tereza akamvua Nkwabi shati taratibu, akaketi kwenye benchi karibu na mlango.

"Wengi mnaokuja hapa ni wazima," daktari alisema bila hata salamu. "Mnatafuta vya bure. Haya, wewe una nini?"

Tereza akalishika benchi kwa mikono miwili. Lakini Nkwabi alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Sina kitu! Uvivu tu. Nimeona nyie mnashiba bila kulima, nikasema na mimi nijaribu."

Daktari akamtazama kidogo, kisha akaandika.

"Uliumia ukifanya nini?"

"Nikikimbia! Na wewe ungekuwepo ungenipita kwa mbio."

Kalamu ikatembea tena. Tereza alikuwa bado anajipongeza moyoni. Hakuna meza iliyopinduka, hakuna ngumi iliyokunjwa. Daktari akaushika ule mkono, akauinua mpaka usawa wa bega, akauzungusha. Jasho likamtoka Nkwabi kwenye paji la uso, likatiririka mpaka kidevuni. Tereza akashangaa, maana chumbani hapakuwa na joto kiasi hicho.

"Unauma?"

"Uniume nini? Unanishika kama bibi harusi!" Nkwabi akacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Daktari akaandika. Hapo ndipo Tereza alipoiona ile kalamu sawasawa. Kila mumewe alipocheka, ilikuwa inatembea. Mtu yule hakuwa akitania, na kila neno la mzaha alikuwa analipokea kama lilivyo! Akinyamaza, mumewe amekwisha. Akisema, meza itapinduka mara ya pili.

"Nashukuru, ndugu," daktari alisema, akauchukua mhuri. "Wachache wanasema kweli kama wewe. Naandika kwamba huna ulemavu."

"Haya mtani, utani umetosha," Nkwabi alisema, bado anacheka. "Sasa andika ya kweli."

"Mtani nani?"

"Si wewe Mzaramo?"

"Mimi Mngoni. Nani kakwambia mimi Mzaramo?"

Nkwabi akageuka, akamtazama mkewe. Tereza alingoja ngumi, alingoja meza, na hakuna kilichokuja. Akapiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji.

"Ni mimi, daktari. Nilimdanganya asije akakupiga. Alikuwa anakutania tu, baba. Hakuna hata neno moja la kweli hapo."

Mhuri ukabaki hewani. Daktari alikuwa Mngoni, na Mngoni ana Wahehe wake. Siku ya kumzika baba yake, mmoja wao alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe mbuzi. Utani aliujua. Akauweka mhuri chini polepole, uso umemsawijika.

"Mungu wangu," alisema. "Nilikuwa nimeshammaliza mtu." Akaichana ile karatasi vipande viwili.

Nkwabi bado alikuwa anamtazama mkewe. "Nilidhani nimempata Pazi mwingine," alisema kwa sauti ndogo. Tereza akatamani angepigwa.

"Kaa, ndugu yangu," daktari akasema. "Tuanze upya. Safari hii usinichekee wala usijikaze." Akauinua ule mkono.

Nkwabi akanguruma. Muuguzi akaja mbio. Tereza aliruka kumshika mumewe kabla hajampiga daktari, akakuta hakuna wa kushikwa. Mkono wa kushoto wa Nkwabi, ule mzima, ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa kitanda, na machozi yalikuwa yanamtoka kama mtoto.

Ngurumo yenyewe Tereza aliijua. Ilikuwa ileile ya kila asubuhi, iliyowakimbiza kuku, aliyoipeleka mpaka kwa padri iombewe, akidhani ni hasira. Akasimama pale katikati ya chumba, anaitazama mikono yake miwili, hiyo iliyokuwa ikimvalisha shati.