Futi Kumi na Sita za Mbao

Ojwang alimnyang'anya mdogo wake mashua ya baba yao siku ya tatu baada ya maziko, mchana kweupe, mbele ya wajomba, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mashua hiyo iliitwa Aketch, jina la mama yao. Mzee aliwaachia wote wawili, Ojwang ashike usukani na Nashon ashike tanga, kama walivyozoea katika mashindano ya pale kwao ziwani, kila mwaka, siku inayofuata Krismasi. Nashon alipouliza fungu lake, kaka yake alicheka mpaka akakohoa.

"Omera, ndugu yangu, wewe unakaa Kitengela, nyika tupu. Mashua utaiweka wapi? Utaifungia punda?"

Wajomba nao wakacheka. Kicheko hicho ndicho urithi Nashon alioondoka nao. Hiyo ilikuwa Januari ya mwaka 2000. Kufikia Februari alikuwa ameapa: atanunua mashua yake, ataiweka nyumbani Kitengela, na Desemba atampita Ojwang kijiji kizima kikitazama. Kushinda tu hakungemtosha. Alitaka Ojwang ameze maji ya mawimbi yake.

Nairobi kulikuwa na klabu iliyokuwa ikiuza mashua zake kwa sababu bwawa lilikuwa limefunikwa na magugu. Nashon alikwenda na mkewe Elsie, fundi wa kushona, ambaye tayari alikuwa amepima kwa utepe wake wa nguo nafasi kati ya nyumba na ua: futi kumi na tatu. Mlinzi, Gakuru, akawaonyesha mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya faiba, futi kumi na mbili. Mlingoti ulitenganishwa vipande viwili, tanga likaingia kwenye gunia, na watu wawili waliibeba bila kutoa jasho.

"Hii tunaiegemeza ukutani kwa ubavu," Elsie akasema. "Tanga chini ya kitanda. Maneno yameisha."

Ya pili ilikuwa ya mbao, futi kumi na sita. Nashon aliipapasa kama mtu anayenunua fahali.

"Inakimbia?"

"Hiyo ni duma," Gakuru akasema. "Lakini haitaki kukaa kavu. Mbao zikikauka zinaachana, mpaka unaona jua upande wa pili. Lazima uinyweshe kila siku. Na nyinyi huko, si maji mnanunua?"

"Baba Whitney," Elsie akauliza polepole, "unanunua mashua yetu ama ya Ojwang?"

"Hiyo ndogo Ojwang ataicheka."

"Acha acheke. Meno ni yake."

Akanunua ya mbao. Ili iingie, ilibidi ang'oe geti pamoja na nguzo moja, na kwa kuwa nyuma yake ilitokeza hadi njiani, geti halikurudi. Aliziba pengo kwa matawi ya miiba. Akaipandisha mashua juu ya magogo, akaipaka rangi, akaandika ubavuni: Aketch.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Mwenye punda alileta mitungi sita kila jioni. Miwili iliingia nyumbani, minne ikamwagwa ndani ya mashua. Sukuma wiki ya Elsie ikanyauka. Nashon alisimama pale akimimina na kunong'ona, "Kunywa. Kunywa ushibe. Desemba utamzika."

"Baba, mbona mashua inaoga kabla yangu?" binti yake Whitney akamwuliza.

"Mashua iko na safari."

"Na mimi niko na shule."

Nashon akamimina mtungi wa mwisho.

Jumapili moja ya Oktoba walirudi kutoka kanisani wakakuta ng'ombe thelathini uani. Ng'ombe wa kiangazi hunusa maji kutoka mbali, na miiba haikuwazuia. Walikuwa wamekunywa mpaka tone la mwisho. Mmoja alikuwa amepanda akaingia ndani kabisa, na mashua ilikuwa imeanguka kutoka kwenye magogo, mbao tano zimepasuka. Mchunga ng'ombe hao, Parmuat, alisimama pembeni na fimbo yake.

"Utanilipa!" Nashon akafoka.

"Sopa kwanza," Parmuat akasema, akimsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa nini! Hiyo ni mashua!"

Parmuat aliitazama kwa makini, kisha akatazama vumbi lililokwenda mpaka vilima vya Ngong.

"Rafiki, mwaka kama huu umeweka maji kwenye kitu kirefu, nje, bila geti. Ulitaka ng'ombe wafikirie ni nini? Nitakuletea mbuzi kwa sababu ya miiba. Kwa hayo maji, Mungu akubariki."

Elsie alivua viatu vya kanisa, akachukua ufagio, akaanza kuondoa samadi.

Kesho yake Nashon alikimbilia Nairobi kuitafuta ile ya faiba. Gakuru akatikisa kichwa. "Mwalimu mmoja alichukua, Wanyoike. Hata ni jirani yenu. Ameiegemeza ukutani."

Desemba Nashon alikwenda ziwani mikono mitupu. Ojwang alifika wa kwanza katika mashindano, tanga limejaa upepo, akapaza sauti kutoka majini.

"Omera! Nasikia ng'ombe wako ndio manahodha!"

Ufuo wote ukaangua kicheko. Mama yao, Aketch mwenyewe, alikuwa ameketi kwenye kigoda.

"Siku Ojwang alipokunyang'anya nilikuwa ndani na wajane wenzangu," akamwambia Nashon. "Mashua ina jina langu. Ungeniuliza, ningemwamuru akupe tanga lako. Hukutaka tanga. Ulitaka shingo yake."

"Bado naitaka," Nashon akasema.

Gharama ilikuwa hii. Mashua moja ya futi kumi na sita. Geti na nguzo yake. Miezi minane ya maji, mitungi minne kila jioni. Bustani nzima ya sukuma wiki. Mbuzi mmoja wa Parmuat aliingia, Elsie akamwuza akanunua geti jipya, na ufunguo akabaki nao yeye. Krismasi moja bila mke wala mtoto, kwa maana walikataa kusafiri naye. Na nusu ya Aketch ya mzee, ambayo ilikuwa yake tangu mwanzo.