Utando Uliotangulia Baridi

Mama Barafu, kama wenzake wa maabara walivyomwita, aliinua kichwa mezani akiwa na chapa ya kibodi shavuni. Tangu alfajiri alikuwa akingoja kibamba cha dhahabu, ndani ya tangi lisilo na hewa, kishuke hadi baridi ya mwisho. Kipimo kimoja tu kilibaki afunge tasnifu yake. Jioni hiyo zamu ya mtambo ilikuwa inahamia kwa mume wa dada yake, mtafiti mwenzake, na zamu yake Mama Barafu isingerudi mwaka huo.

"Lala tu, shemeji," alisema mume huyo, amesimama penye vali kama bwana harusi. "Nimekufungulia gesi. Utando umeshatanda."

"Kibamba kilikuwa na baridi gani?"

"Ya kutosha. Si kinaendelea kupoa?"

Mama Barafu alifumba macho. Gesi iliyoganda juu ya kibamba kuwa utando ilikuwa ile ya kuchekesha, ya madaktari wa meno, na chumba kile hakijawahi kusikia kicheko. Kila molekuli yake ina ncha ya chaji chanya na ncha ya chaji hasi. Zikitua kwenye baridi kali, nyingi hugeukia upande mmoja zenyewe, bila kuamrishwa na umeme wowote, na uso wa utando ukapata volti. Zikitua kwenye joto kidogo, hutapatapa na kukaa ovyo, kama bweni ambalo kiranja wake ameugua. Na zikishakaa ovyo, baridi ya baadaye haizipangi. Huzigandisha hivyo hivyo.

Kibamba kilifika baridi ya mwisho. Volti hazikusogea.

"Andika hizo hizo," shemeji alisema. "Kipimajoto kinakutetea. Nani atajua?"

"Mtahini. Kwenye mchoro, kila baridi ikizidi, volti zinapanda. Nukta hii imelala kama wewe Jumapili."

Hata hivyo aliiandika, kwa kuwa mgongo ulimuuma. Akaitazama. Akaifuta, akawasha hita.

Volti zilipungua polepole, kisha zikaanguka zote kwa mpigo, kama foleni iliyosikia chakula kimekwisha. Utando ukayeyuka, pampu ikaufyonza.

"Kupoza tena ni mpaka jioni," alisema shemeji. "Na jioni ni yangu."

"Najua."

Hakuwa na nguvu ya kubembeleza. Shemeji aliangalia vali, akaangalia viatu vyake.

"Dada yako atanilaza sebuleni," alisema mwishowe. "Haya, anza. Yangu yatasubiri."

"Basi kalia mikono yako."

Akaikalia kweli.

Jua lilikuwa limeshuka dirishani Mama Barafu alipofungua gesi mwenyewe, kwenye baridi kamili. Volti zilipanda, zikapita nukta zote za nyuma. Alitafuta furaha, akakuta amebakiwa na nguvu ya kubofya kitufe cha kuhifadhi tu. Akabofya, akasogea pembeni.

"Mtambo wako, shem. Kiti bado kina moto."