Aliyeshika Saa

Siku ya kuposa, mwenye haja hana kinywa. Hayo Jafar aliambiwa na mjomba wake Tsuma wakiwa kwenye feri, akaambiwa tena mlangoni mwa Mzee Mwachande kule Mtongwe: kazi yako ni kukaa, kuinamisha kichwa na kuonekana mtoto wa watu. Maneno ni ya wazee. Kwa kawaida bwana harusi hata haendi, hubaki kwao akitafuna kucha. Lakini Mzee Mwachande alikuwa ametuma ujumbe kwamba hamtoi bintiye kwa kusikia sifa tu, lazima amwone kijana mwenyewe kwa macho yake.

Basi Jafar akakaa. Wakamweka pembeni mwa kochi, ukuta kushoto kwake na mjomba kulia, mbele yake meza yenye sinia ya halua na birika la kahawa. Kutoka pale asingeweza mpaka mjomba ainuke kwanza, na mjomba Tsuma akishaketi mbele ya halua haondoki upesi. Nyuma ya shingo yake dirisha lilikuwa wazi, na nje ya dirisha palikuwa na baraza, na barazani walikaa wanaume wa mtaa wakizungumza jambo lile lile walilolizungumza tangu Jumapili.

"Ule wizi wa mchana kweupe, buda," alisema mmoja aliyeitwa Jacktone, fundi wa pikipiki aliyetoka bara akaipenda timu ya Mtongwe kuliko waliozaliwa nayo. "Nilikuwa pale pale. Saa ilianza kukimbia kabla Munga hajashika mpira."

"Wallahi saa ilikimbia," mwingine akaitikia.

Jafar akavuta mkono wa kanzu ukafunika vidole vyake, kwa sababu saa ile aliishika yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Katika mchujo wa ligi ya mpira wa kikapu, Mtongwe walikutana na Chaani ya kule Changamwe, na atakayeshinda mara mbili ndiye anayesonga mbele. Mtongwe walishinda kwao. Chaani wakashinda kwao, kwa pointi moja. Mchezo wa tatu ulikuwa Jumapili hii inayokuja, hapa hapa Mtongwe. Sasa katika ule mchezo wa Chaani, mwishoni kabisa, mpira ulirushwa kutoka pembeni, Munga akaudaka, akageuka, akautupa, ukazama kikapuni bila hata kugusa chuma. Wageni wakaruka juu. Lakini honi ilikuwa imeshalia, na refa akapunga mikono kwamba kikapu hakihesabiwi. Munga huyo ni mtoto wa Mzee Mwachande, kaka yake Nadira, na Nadira ndiye waliyekuja kumposa.

Kwa desturi ya ligi hiyo, wenyeji ndio hutoa mtu wa kushika saa. Chaani walimtoa Jafar, aliyekuwa akicheza zamani mpaka goti likamkataa, akahamia mezani. Aliipenda kazi ile kuliko alivyoupenda mchezo. Sheria ni kwamba saa huanza pale mpira uliorushwa unapoguswa na mchezaji, na siku ile hakubonyeza mpaka alipouona mpira umetua kwenye viganja vya Munga, na honi ilipolia mpira ulikuwa bado haujatoka. Angeweza kuapa msikitini. Lakini ni nani aangaliaye mshika saa? Watu wote walikuwa wakiutazama mpira. Ile video iliyozunguka kwenye simu za Mtongwe na Likoni nzima ilionyesha ukingo wa meza na mkono mmoja tu, mkono wake, umetulia juu ya kitufe. Mtongwe walikuwa wakiulaani mkono huo wiki nzima bila kuijua sura ya mwenyewe.

Siku ya posa ilikuwa imepangwa kabla ya mchujo, na kuiahirisha lazima utoe sababu. Nadira alikuwepo uwanjani siku ile, amesimama nyuma ya meza, na honi ilipolia alifunika uso kwa mtandio akaondoka. Tangu hapo hakupokea simu. Jafar hakujua kama alimlilia kaka yake au alimlaani yeye. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kuliko laana zote za Likoni.

"Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake," alisema Mzee Mwachande ndani, akimimina kahawa. Alikuwa mtu mpana wa kifua, mwenye sauti ya kuadhinia, na baraza lilimfurahisha kuliko posa. "Mnawasikia vijana? Wana haki. Mchezo ukichezwa kwa mtu, saa ya mtu, refa analishwa na mtu, mgeni atashindia wapi? Kula halua, mwanangu. Mbona wauficha mkono?"

Jafar akautoa mkono. Halua huliwa kwa mkono wa kulia, na wa kulia ndio ule wa kwenye video. Akakata kipande, akakipeleka kinywani huku akihisi macho ya mzee yamemganda vidoleni, ingawa mzee alikuwa akitazama kama halua imempendeza mgeni.

"Lakini na hapa kwetu, mzee," mjomba Tsuma alisema kwa kucheka, "ile kona ya uwanja wenu ambapo mpira haudundi, si wageni wote hupotezea mipira pale?"

"Ile kona Mungu kaiumba hivyo," alijibu Mzee Mwachande, uso mkavu. "Saa imekimbizwa na binadamu."

Mjomba akaona ameteleza, akarudi upesi. Yeye Tsuma ni mtu wa kuridhisha. Ameoza vijana wengi kwa ulimi ule, na akiona mlango unafungwa, hutia mguu wa yeyote aliye karibu.

"Kweli kabisa, mzee wangu. Saa haikimbii yenyewe."

"Wewe watoka huko huko Chaani. Yule kijana aliyeshika saa, wamjua?"

Barazani wakanyamaza ili wasikie. Jafar akamtazama mjomba wake, naye mjomba akalitazama birika.

"Yule?" akasema Tsuma. "Yule si wetu, mzee. Kaja juzi tu, hana mbele wala nyuma. Hata sisi kule twamshangaa. Mtu wa hovyo, mlaji rushwa, asiyelelewa."

"Nilijua," alisema Mzee Mwachande kwa furaha.

Aliyemlea Jafar alikuwa Tsuma mwenyewe. Jumapili ile ile, jioni, alimkumbatia mlangoni akamwambia, "Umeishika saa kiume." Sasa anamtupa mbele ya watu kama maji ya kunawia, na anamtupa kwa mapenzi, ili ampatie mke. Jafar alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Angefungua kinywa, angevunja adabu ya posa, angemfanya mjomba mwongo mbele ya wakwe na mke angemkosa papo hapo. Asipofungua, ataoa ndani ya nyumba ambamo kila mlo utaanza kwa kumtukana. Akainamisha kichwa kama alivyoagizwa. Mzee akamsifu kwa haya zake.

Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia Munga.

Alikuwa ametoka mazoezini, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba zilizofungwa pamoja. Akamwamkia Tsuma shikamoo, akamgeukia bwana harusi kumpa mkono, na mkono ukabaki njiani. Watu wote wa Likoni wangeweza kumpita Jafar wasimjue, ila Nadira na huyu mmoja. Baada ya honi, Munga alikuja mbio mpaka mezani, akaipiga meza kwa ngumi, nyuso zao zikakaribiana. Waliokuwa mbali walidhani anamtukana. Hakumtukana. Alisema taratibu, karibu kwa kuomba, "Ungeningoja kidogo, ndugu yangu."

Mtu aliyeibiwa hasemi hivyo. Jafar alilijua hilo, na sasa, mkono wa Munga ulipomshika na kuminya, alijua kwamba Munga naye analijua. Wiki nzima kijana huyu alikuwa akinunuliwa chai na kupigwa mabegani kwa ajili ya kikapu alichodhulumiwa. Akimtaja Jafar, Jafar atasema kwamba honi ilitangulia. Akinyamaza, wote wawili watakaa pamoja ndani ya uongo huo.

"Karibu," Munga akasema, akaenda kuketi karibu na mlango, akaanza kufungua fundo la kamba za viatu ambalo halikufunguka.

Wazee wakamaliza ya kwao. Ikabaki kuulizwa mwari. Shangazi Mwanasaumu, dada wa mzee, akajifunga leso vizuri akaingia chumba cha ndani. Kwa kawaida msichana huona haya, hunyamaza, na kimya chake ndicho ndiyo yake. Shangazi hukawia kidogo kwa heshima kisha hutoka na vigelegele. Safari hii alikawia sana. Alipotoka, uso ulikuwa na mashaka.

"Asema jibu analo," akaeleza. "Ila bwana harusi aulizwe kwanza hilo swali waliloulizana wanaume. Saa ilikimbia, haikukimbia, na ni nani aliyeishika. Ajibu mwenyewe, si wazee wake. Asema mume atakayenyamaza akitukanwa yeye, kesho akitukanwa mkewe atanyamaza vile vile."

Mzee Mwachande, ambaye katika yote hayo alisikia tu kwamba bintiye ataka kumpima mkwe kama ni mtu wa Mtongwe, akapiga paja lake kwa furaha.

"Mtoto wangu huyo. Enyi wa barazani, njooni dirishani msikie."

Wakaja. Vichwa vikajazana dirishani, cha Jacktone mbele, pumzi zao zikimpiga Jafar kisogoni. Mbele yake mzee, kulia mjomba aliyemfinya paja kwa nguvu, kushoto ukuta. Pazia la chumba cha ndani halikutikisika. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuona tena tofauti ya kusema na kutosema. Alijua tu kwamba nyuma ya pazia lile kuna mtu mmoja anayemngoja.

"Saa haikukimbia," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akairudia. "Haikukimbia, mzee. Mpira ulikuwa bado mkononi honi ilipolia. Na aliyeishika ni mimi."

Birika lilikuwa mkononi mwa Mzee Mwachande, nalo likabaki hewani.

Tsuma ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa kinywa chote, akipiga magoti, akifuta machozi ambayo huenda yalikuwa ya kweli. "Mnaona? Mimi niliwaambia kijana wetu ni mpole, sikuwaambia ana mzaha kiasi hiki. Kuwatania wakwe siku ya posa."

Kicheko huambukiza. Kikamwingia mzee, kikapita dirishani, baraza zima likaangua kicheko. Jacktone akaingiza mkono akampiga Jafar begani. "Manze, umetuweza. Huyu ni wetu."

"Sitanii," Jafar alisema. "Ule mkono wa kwenye video ndio huu." Akauinua, umeng'aa kwa samli ya halua, nao wakazidi kucheka. Kila alivyoapa ndivyo walivyomwona mchekeshaji hodari zaidi.

Mzee Mwachande akajifuta macho. "Haya, tumalize. Munga, wewe ulifika mpaka mezani, ulimwona yule mwizi uso kwa uso. Ndiye huyu?"

Vichwa vyote vikageuka mlangoni. Munga aliacha fundo la kamba. Akamtazama Jafar, akawatazama wale wa dirishani waliomnunulia chai wiki nzima, akamtazama baba yake.

"Simjui huyu," alisema. "Yule alikuwa mfupi."

Hapo kutoka chumba cha ndani vikapasuka vigelegele. Havikuwa vya shangazi, maana shangazi alikuwa amesimama sebuleni mdomo wazi. Mwari mwenyewe alikuwa akijipigia, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulisikia. Jafar akajua kwamba Nadira amelisikia jibu lake na kuliamini, furaha ikampanda mpaka machoni. Barazani wakaitikia kwa makofi, wakidhani ni vya posa tu.

Mzee Mwachande akamkumbatia mkwewe. "Jumapili huendi popote," akamwambia. "Utaketi nasi uwanjani, mstari wa mbele, kati yangu na Jacktone. Yule mwizi akitokea, wewe ndiye utakayeanza kumzomea."

"Inshallah," akajibu mjomba Tsuma kwa niaba yake.

Munga alikuwa amekwisha kuinama tena juu ya viatu vyake.