Akaunti ni ya Muema

Mtu asiniambie tena eti kitu kikiwekwa juu kiko salama. Juu ni wapi? Ni kwa nani? Siku hizi nauliza hivyo na watu wananicheka. Lynn pekee hacheki, kwa sababu Lynn alikuwepo.

Mimi ni msusi. Nina kiti changu kwa saluni moja hapa Ruiru, na Lynn anapaka watu kucha kwa meza ya karibu na mlango. Mteja akikaa namwekea tableti mapajani achague mtindo mwenyewe, maana mwanamke ukimwachia mdomo tu atakwambia "nitengeneze poa," halafu mbele ya kioo aanze kununa. Kila kichwa ninachomaliza nakipiga picha. Basi tableti ikajaa. Nikijaribu kupiga nyingine inaniambia hakuna nafasi.

"Si ufute za zamani," Lynn akasema.

"Sifuti kitu."

Si mitindo niliyokuwa naihurumia. Humo ndani mlikuwa na Kaveke, binti yangu, tangu akiwa mchanga hadi alipong'oka meno ya mbele. Na mlikuwa na picha za Disemba. Hizo nilizipiga mwenyewe kwa kioo cha bafu kule Ngoingwa kwa mume wangu, uso umevimba na alama ya pete shavuni, hadi mama yangu mzazi angenipita njiani bila kunijua. Nilisema moyoni, siku moja mtu mwenye cheo ataniuliza kwa nini nilitoka kwa mume, nami sitabishana, nitamwonyesha. Hakuna aliyewahi kuziona.

"Basi tuziweke kwa klaudi," Lynn akasema. "Si sasa tuko na waifai? Zinapanda huko juu, tableti inabaki nyepesi, na ukizitaka unaziona tu."

Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Picha zikapanda zote, kisha akazitoa ndani ya tableti. Nilifurahi, jamani! Jioni hiyo nilipiga picha vichwa vya watu hadi wakanishangaa.

Kitu ambacho hakikunijia akilini ni hiki: tableti ile alininunulia Muema, mume wangu. Aliyeifungua ni yeye, akaunti ni ya jina lake, na simu yake iko kwa akaunti hiyohiyo. Nikiwa kwake hakuna picha yangu iliyowahi kupanda popote, kwa sababu Muema hakuniachia bando la intaneti, wala hakuniachia ufunguo wa geti. Nilipotoroka na mtoto nilitupa laini ya simu, nikanunua simu ya kabambe ya kupiga na kupokea tu, nikamtafutia Kaveke shule huku, nikadhani nimeziba kila mwanya. Maana Muema alikuwa ameshaniambia, kwa sauti ya chini, huku anakata kucha zake: "Wewe enda. Lakini Kaveke nitamchukua, na hutamwona tena." Na huyo mtu akisema jambo, analifanya.

Sasa siku chache baadaye nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha mtu. Nikafungua tableti nimwonyeshe mteja jinsi ncha zitakavyokaa, nikakuta picha ya ploti. Nyasi, jiwe la mpaka, na mkono wa mwanamume ukionyesha jiwe. Nikasema labda ni matangazo. Nikatelezesha: ploti nyingine, mkono uleule, pete kwa kidole gumba.

Muema ni broka wa ploti kule Thika. Hawezi kupita geti wala uwanja bila kupiga picha, ndiyo kazi yake. Na mkono ule naujua. Uso wangu unaujua.

"Lynn," nikaita. "Hebu kuja hapa."

Akaangalia. Akaniuliza polepole, "Mama Kaveke, hii akaunti ni ya nani?"

"Ya Muema."

"Ngai!" Akaweka brashi chini. "Zako zinapanda zinaingia kwa simu yake. Zake zinapanda zinashuka hapa. Ni stoo moja, na milango ni miwili."

"Futa! Futa zote sasa hivi!"

"Nikifuta zinapotea kotekote, hata za mtoto. Na kama ameshaziona haitasaidia."

"Labda hajaziona."

"Labda," Lynn akasema. Tukaishikilia hiyo labda wote wawili, tukiangalia kioo cha tableti kama watu wanaongoja ugali uive. Hapo ndipo iliposhuka nyingine.

Ilikuwa picha niliyoipiga mimi. Kaveke amesimama kando ya kiti changu na sweta yake mpya ya shule, anacheka na lile pengo lake. Lakini mtu alikuwa ameikata na kuikuza, na kwa kifua cha mtoto alikuwa amechora duara jekundu. Duara lilizunguka beji yenye jina la shule.

Uuwi! Nikamwachia Lynn tableti.

"Na kichwa changu?" mteja akauliza.

"Kichwa chako kitangoja!" Nikatoka mbio na kitana kikiwa bado mkononi.

Nikapanda boda, nikampigia Lynn tukiwa njiani. Upepo ulikuwa unanimeza maneno.

"Imeshuka ingine?"

"Imeshuka. Ni ndani ya gari, kuna foleni mbele."

"Foleni ya wapi?"

"Sijui, ngoja. Kuna bango la petroli. Ngai! Ni hapa Ruiru, Mama Kaveke. Ni hapa kwetu."

Nikampiga mwenye boda mgongoni aongeze mwendo. Nilitaka kuomba lakini ombi halikuja, nikawa nasema tu Mwiai, Mwiai, Bwana wangu, kama mtu aliyesahau maneno mengine yote.

"Imeshuka," Lynn akasema.

"Sema!"

"Ni geti. Geti ya buluu."

Geti ya shule ya Kaveke ni ya buluu.

Soja wa getini, Zacharia, alinipokea kwa meno yote nje. "Leo mmekuja wote wawili! Baba Kaveke yuko ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtu mpole sana."

Mpole! Nilimpita bila salamu.

Muema alikuwa ameketi na koti lake zuri, kikombe cha chai mbele yake. Kaveke amesimama kando ya goti lake, begi tayari mgongoni, na mkono wa baba yake uko shingoni mwake. Aliniona na hakuniita. Mtoto wa miaka sita, na alishajua ni wakati gani wa kunyamaza.

Madam Warigia, mwalimu mkuu, alikuwa ameshika simu ya Muema anaangalia picha.

"Huyo ni yeye akizaliwa," Muema alikuwa anamweleza. "Hapo anaanza kutembea. Mama yake hayuko sawa kichwani, madam, alimwiba tu akatoroka. Muulize kama ana hata picha moja ya huyu mtoto."

Madam akaniangalia mimi na kitana changu. "Mama, uko na kitu chochote? Kadi ya kliniki? Picha?"

"Sina," nikasema, na ndiyo ilikuwa kweli. Kadi ilibaki Ngoingwa. Tableti iko saluni, na ndani yake ni tupu. Kila kitu changu kilikuwa juu, na juu ni kwa Muema. Akatabasamu. Kaveke akafumba macho, kwa sababu anajua kinachofuata tabasamu hilo.

Hapo akili ikanirudia. Picha zilipanda zote. Zote!

"Madam," nikasema. "Usiishie kwa za mtoto. Enda mpaka Disemba."

Mkono wa Muema ukatoka shingoni kwa mtoto. Yeye alikuwa ametafuta mpya tu, za kumwonyesha tuko wapi. Za Disemba hakuwa na haja nazo.

Kidole cha madam kikapanda, kikapanda, kikasimama. Akaangalia simu. Akaniangalia uso. Akaangalia ile pete kwa kidole gumba.

"Nipe simu yangu," Muema akasema kwa upole wake, na akampokonya. Akabonyeza, akabonyeza tena, kisha akatugeuzia kioo. "Picha gani? Mnaona picha hapa? Hata kwa hiyo tableti zimeisha."

Alikuwa anasema kweli. Lynn aliniambia baadaye kwamba uso wangu ulipotea mikononi mwake, picha baada ya picha.

Madam Warigia alivua miwani. "Futa tu, Baba Kaveke. Mimi nimeshaona." Kisha akainuka, akapiga kelele dirishani. "Zacharia! Funga geti, na huyu asitoke mpaka polisi wafike!"

Nilimvuta Kaveke kwangu. Alikuwa amejikojolea, maskini, na soksi zote zimelowa. Nikambeba hivyohivyo. Tukasikia mnyororo ukipita kwa geti, na Muema akageuka kuangalia mlango, kisha dirisha, kisha mlango tena. Miaka yote kule Ngoingwa, aliyekuwa akiangalia hivyo nilikuwa mimi.